Tulivyounda Meli ya Angani Ndani ya Poshomili

Wazo la meli ya angani lilinijia nikiwa nimeshikilia gunia chini ya mdomo wa mashine, unga ukishuka. Si kwamba nilikuwa nimechoka na panga na ngao za hadithi zetu. Nilikuwa natafuta mahali ambapo marafiki zangu wawili hawawezi kuachana, na nilipofikiria sana nikaona dunia nzima haina mahali kama hapo. Kila mahali kuna mlango. Angani tu ndiko ukitoka nje huna hewa.

Nafanya kazi kwenye poshomili mtaani Nakuru, upande ambao ukitoka nje kupumua unaona mgongo wa mlima Menengai. Jumapili hatusagi. Mwenye poshomili ni mzee wa kanisa, na alikubali tutumie stoo yake baada ya ibada kwa masharti mawili: tusiguse mashine, na tusicheze karata. Karata hatuchezi. Tunacheza mchezo wa hadithi wa mezani, na meza yenyewe ni ubao uliolazwa juu ya magunia ya mahindi. Wiki ambayo mahindi yamepungua, tunacheza tukiwa karibu kupiga magoti.

Mchezo wenyewe ni hivi. Mtu mmoja ni msimulizi, na huyo ni mimi. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa hadithi, aliyeandikwa kwenye ukurasa wa daftari: nguvu zake, akili yake, bahati yake na vitu alivyobeba. Mimi nasema, mko kwenye mlango wa pango na ndani kuna kitu kinapumua. Wao wanasema watafanya nini. Jambo likiwa la hatari, mtu anaingiza mkono kwenye soksi na kuvuta kisoda. Tuna visoda ishirini, kila kimoja kimeandikwa nambari kwa kalamu nene. Ukivuta nambari kubwa umefaulu. Ukivuta ndogo, umejitakia. Nimeona kwenye simu kwamba watu wengine wana dadu za pande ishirini zinazong'aa kama peremende. Sisi tuna soksi, na haijawahi kutuangusha.

Kanuni nilizisoma kwa Kiingereza kwenye simu, kamusi ya shule ikiwa mapajani. Nilitoka shule nikiwa kidato cha pili, kwa hivyo niliyoyaelewa niliyatumia, na nisiyoyaelewa niliyatunga. Mwanzoni tulikuwa na mchawi kama hadithi zote za aina hiyo. Siku moja mzee alipita karibu na dirisha akasikia binamu yangu akisema kwa sauti kubwa, "Mimi ndiye mchawi, ninawaroga wote." Alisimama kwa muda mrefu sana. Tangu siku hiyo hatuna mchawi, tuna mjuzi, na mjuzi harogi mtu, anajua tu mambo.

Wachezaji wangu ni watatu. Huyo binamu yangu, mwanamke wa kuuza karoti sokoni, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Wa pili ni dereva wa kombaini, ile mashine kubwa ya kuvuna ngano. Wa tatu ni mwenzake wa kazi. Kombaini yao ni ya zamani, ya aina inayobeba mtu kwenye jukwaa nyuma, na mtu huyo ndiye hukinga ngano kwenye magunia, akayashona kwa sindano ndefu na kuyasukuma chini. Huyo ndiye namwita yule wa magunia. Sote tulisoma shule moja ya msingi huko Kabazi, na hao wanaume wawili walikaa dawati moja kuanzia darasa la nne. Msimu wa mavuno ukifika wanapanda Mau Narok pamoja. Msimu ukiisha wanarudi Nakuru kwa vibarua, na Jumapili wako kwangu.

Msimu uliopita kombaini ilishika moto. Hilo hutokea. Makapi makavu yanajikusanya karibu na ekzosi, jua kali, na upepo wa Mau Narok hauna adabu. Dereva aliruka upande wake. Yule wa magunia aliona moshi akaruka upande wake, akaanguka vibaya na kuteguka kifundo cha mguu. Watu wa trekta walilima mstari kuzunguka moto, wengine wakamwaga udongo, na mashine ikaokolewa. Hakuna aliyekufa. Mguu ulipona. Dereva alieleza kila mtu kwamba alibonyeza honi kumwonya mwenzake, lakini waya ulikuwa umeshaungua. Watu wakasema pole, hayo ni mambo ya mashine.

Hawakugombana. Nafikiri ingekuwa afadhali wagombane. Walisalimiana, walipitishiana njugu, lakini kitu kilikuwa kimekaa katikati yao kama mtu wa tano. Nilikiona kwenye mchezo kabla ya kukiona kwenye maisha. Shujaa wa dereva akienda mashariki, mpiga mishale wa yule wa magunia anakumbuka ana jamaa magharibi. Nikiweka pango moja, mmoja anabaki nje kulinda farasi. Ilifika mahali nasimulia hadithi mbili katika alasiri moja, na binamu yangu katikati hajui aende na nani.

"Hawa walioana lini?" aliniuliza siku moja tukifunga mlango. "Maana talaka nimeiona, lakini harusi ilinipita."

Kisha mwenye ile mashine ya kuvuna akawapigia simu. Ngano ilikuwa imebakisha wiki chache, alitaka kujua kama wanarudi. Yule wa magunia akasema amepata kazi ya mjengo Longonot, anaenda huko. Dereva akasema kama mwenzake haendi, yeye pia haendi, hapandi na mtu mwingine. Mwenye mashine akawapa hadi mwisho wa mwezi.

Mimi nilihesabu hivi. Kombaini ndiyo kazi ambayo dereva anaijua na kuipenda. Ukimwona akizungumza juu ya ngano ungedhani ameizaa. Akiiacha sijui angekuwa nani. Na yule wa magunia akishuka Longonot, hatapanda tena kwenda kwa mtu yeyote, namjua. Urafiki wa tangu darasa la nne ungeishia hapo, bila hata neno moja baya la kukumbuka. Mimi siwezi kumwambia mtu mzima asameheane na mtu mzima mwenzake. Ninachoweza ni kutunga hadithi. Kwa hivyo nikaamua kuwaweka kwenye meli.

Kuleta meli ya angani kwenye dunia ya mikuki si kazi ndogo. Shida ya kwanza ni nguvu. Ukileta mzinga wa meli, shujaa mwenye upanga anakuwa nzi. Nilikaa na daftari jioni tatu hadi nikapata njia: alama moja ya meli ni sawa na alama kumi za mtu. Meli ikimgonga mtu, amekwisha. Mtu akiigonga meli kwa upanga, amekwaruza rangi. Lakini akifaulu kuingia ndani ya meli ya adui, humo ndani ni mtu kwa mtu, na upanga wake unarudi kuwa upanga. Hapo shujaa bado ana kazi.

Shida ya pili ni kile kinachosukuma meli. Dunia yetu haina petroli. Nikasema zamani watu walichimba chini ya Menengai, wakaukamata mvuke wa moto unaokaa huko na kuufungia kwenye mitungi ya mawe. Mtungi mmoja unasukuma meli hadi mwezini na kurudi. Mjuzi peke yake ndiye anajua kuuongoza ule mvuke.

"Nauongoza kwa kuusemesha ama kwa kuuombea?" binamu yangu akauliza.

"Kwa kuusemesha tu."

"Uandike vizuri. Mzee anapenda dirisha."

Umbali niliupata kwenye kalenda ya zamani ya duka la mbegu. Nyuma ni nyeupe. Nikachora mistari kama ya shamba la ngano, nikasema meli nyepesi inavuka mistari mitatu kwa zamu, meli nzito mmoja, na mzinga unafika mistari mitano. Meli yetu ilikuwa kizibo cha chupa ya dawa ya ng'ombe. Za adui, majitu wenye tamaa na mitungi yetu, zilikuwa maharagwe mekundu.

Jumapili ya kwanza ya meli ilikuwa mbaya. Dereva alikuwa rubani, hata sikumuuliza. Yule wa magunia alichagua mzinga wa nyuma. Nilifurahi kimoyomoyo, kumbe alichagua nyuma kwa sababu ndiyo mbali zaidi na mbele. Rubani akasogea, akageuka, akavuta kisoda, akasogea tena. Binamu yangu alimaliza njugu zote. Yule wa magunia alipiga mzinga mara moja katika saa nzima, na akakosa.

"Hii meli ni ya mtu mmoja," binamu yangu akasema. "Sisi wengine ni mizigo."

"Mimi nimezoea," yule wa magunia akasema, macho kwenye daftari lake.

Dereva aliangalia kalenda kana kwamba kuna tarehe upande wa mistari.

Nilienda nyumbani nikiwa na aibu. Nilikuwa nimewafungia pamoja halafu nikawapa sababu nyingine ya kunyamaziana. Lakini neno la binamu yangu lilinisaidia. Meli ya watu wengi haiwezi kuwa gari la dereva mmoja. Na kulikuwa na watu wawili niliowajua ambao hufanya kazi kwenye chombo kimoja kikubwa bila hata kuonana.

Dereva alikuja Jumanne na mahindi ya mama yake. Nikamuuliza huko juu wanafanyaje kazi, yeye na mtu wa nyuma.

"Watu hudhani dereva ndiye anaamua," akasema, akiegemea mizani. "Zii. Wa nyuma ndiye anaamua. Gunia likijaa kabla hajafunga lile lingine, na mimi niendelee, ngano yote inamwagika. Kwa hivyo akigonga chuma mara mbili kwa sindano yake, napunguza. Akigonga mara moja, naongeza. Mimi naendesha kwa masikio."

"Na wewe unamwambiaje?"

"Honi. Moja tunaenda, mbili tunasimama." Akachukua debe lake. "Umeweka mchanga kwa huu unga ama ni macho yangu?"

Alhamisi nilimkuta yule wa magunia akinunua sabuni dukani, nikamuuliza swali lile lile. Alinieleza kuhusu kugonga chuma, na honi moja, na honi mbili. "Na tatu ni ruka," akasema. "Tatu hupigwa na dereva kabla hajatoka kwa kiti. Huku nyuma huoni mbele, husikii injini ikibadilika, una vumbi hadi kwa meno. Honi ndiyo macho."

Nilidhani dereva amesahau tu ile ya tatu. Niliandika zote.

Kanuni mpya zilikuwa nzuri, na nasema hivyo bila kujisifu kwa sababu hazikuwa zangu. Wa nyuma anaamua rubani atavuka mistari mingapi, kwa kugonga meza kwa kijiko. Rubani haendi bila kijiko, na hasimami wala kutoka kwenye kiti bila honi. Mjuzi anagawa mvuke: ukienda kwa mzinga, hauendi kwa mbio. Hakuna anayeweza kufanya jambo lake bila kumngoja mwenzake.

Niliwatumia kanuni hizo kwenye simu zao Ijumaa. Dereva akapiga mara moja.

"Inapoa wapi?"

"Nini?"

"Injini. Huko juu hakuna hewa. Radieta itapoa na nini? Hii kitu yako italipuka kabla haijafika mwezini."

Sikuwa nimefikiria. Tukabishana karibu saa nzima, yeye akicheka, na ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka. Mwishowe yeye mwenyewe akatunga kanuni ya joto. Tuweke kifuniko cha sufuria mezani. Kila mzinga ukipigwa, punje moja ya mahindi kifunikoni. Kila mstari ukivukwa kwa mbio, punje moja. Mjuzi anaweza kutoa punje mbili kwa zamu, kama hana kazi nyingine. Zikipita kumi, vuta kisoda. Chini ya nane, moto.

Jumapili ile ya pili nataka niikumbuke vizuri, sehemu yake ya kwanza. Majitu walikuja na maharagwe manne. Kijiko kikagonga ubao. Dereva akasema "pom" kwa mdomo, hiyo ndiyo honi, akasogeza kizibo. Binamu yangu akatoa punje, akalalamika kwamba amekuwa yaya wa sufuria. Wakavunja harage la kwanza. Wakakosa la pili. Kijiko kikagonga mara mbili kwa nguvu.

"Buda, mistari miwili tu," yule wa magunia akasema. "Bado napakia."

"Miwili sawa. Nikigeuka kushoto utampata?"

"Geuka kidogo. Hapo. Hapo hapo."

Akavuta kisoda, kumi na tisa, na harage la pili likaondoka. Walikuwa wanaongea. Mimi nilikuwa nimeshika soksi kwa mikono miwili kama mtu aliyebebeshwa mtoto mchanga, naogopa kupumua.

Lakini walinogewa. Wakaenda mbio, wakapiga mfululizo, binamu yangu akasahau kutoa punje kwa sababu alikuwa anashangilia. Tulipohesabu kulikuwa na punje kumi na mbili. Binamu yangu akavuta kisoda. Nne.

Nikasimulia moto. Nilisimulia vizuri, kwa sababu nilikuwa na furaha, na nikiwa na furaha maneno yananijia. Nikasema umeanzia katikati, kwenye injini, na moshi umeziba njia kati ya mbele na nyuma. Rubani hamwoni mtu wa mzinga. Mtu wa mzinga hamwoni rubani. Kila upande una mtumbwi mdogo wa kujiokoa. Mnafanya nini?

Ni baada ya kusema ndipo nilipoona nimefanya nini. Meli niliichora kwa kufuata kombaini, kwa sababu kombaini ndiyo niliyoelezwa, na sasa nilikuwa nimeuwasha moto pale pale ulipowaka ule mwingine, na hao wawili wamekaa pale pale walipokuwa wamekaa.

"Naingia mtumbwini," dereva akasema haraka.

Binamu yangu alikuwa na karatasi ya kanuni mkononi. Yeye hakujua lolote zaidi ya tulilojua sote. "Umepiga honi? Imeandikwa hapa. Tatu kabla ya kutoka kwa kiti."

Dereva alikuwa anazungusha kizibo kwa kidole.

"Basi piga. Sema tu pom pom pom tuendelee, watu waokoke."

"Siku ile sikupiga," dereva akasema.

Alikuwa anamwambia kizibo. Binamu yangu akaweka karatasi chini polepole.

"Najua," yule wa magunia akasema.

"Waya haukuungua."

"Nimesema najua. Kesho yake fundi alijaribu honi mimi nikiwa nimeketi pale, mguu kwa ndoo ya maji. Ililia shamba nzima. Wewe ulikuwa umeenda kununua sigara ambazo huvuti."

"Mbona hukusema?"

"Ilikuwa yangu ya kusema?"

Dereva akajipangusa uso kwa mkono wenye vumbi la mahindi. "Si kuogopa. Ningekuwa niliogopa ningesema niliogopa. Nilisahau kama kuna mtu nyuma. Mkono ulikuwa hapa, honi iko hapa, na sikukumbuka. Miaka yote hiyo. Nilikumbuka nikiwa chini tayari."

Yule wa magunia akainuka, akavaa jaketi yake mkono mmoja, akatoka nje na mkono mwingine ukining'inia. Tukabaki watatu. Dereva akaniangalia.

"Nimfuate?"

Mimi sikujua. Msimulizi hujua kila kitu hadi mtu amuulize swali la kweli.

"Mfuate," binamu yangu akasema. "Lakini usiongee sana."

Kupitia dirishani tuliwaona wamekaa kwenye ngazi ya kupakilia magunia, mmoja juu, mmoja chini. Kisha yule wa magunia akaanza, na akasema mengi, kidole kikigonga goti lake mwenyewe. Sauti ilipanda mara moja tu, nikasikia "mguu si kitu, wewe, mguu si kitu," halafu ikashuka. Dereva alikuwa anaitikia kwa kichwa kila mara, kama mtoto anayesomewa makosa. Hakuna aliyemkumbatia mwingine.

Binamu yangu hawezi kuacha kitu kikiungua. Aliingiza mkono kwenye soksi, akatoa kumi na saba, akasema, "Nimezima."

"Na nini?"

"Na maombi."

"Mjuzi haombi."

"Leo anaomba. Andika."

Nikaandika. Tulipoangalia tena nje, walikuwa wameenda, kila mmoja na njia yake. Daftari zao zilibaki juu ya ubao. Binamu yangu akaenda kuosha karoti za kesho. Mimi nilifagia stoo yote, kisha nikaifagia tena. Nililia kidogo pia, kwa sababu nilijiona nimechukua shida ya watu nikaifanya mchezo wa visoda, tena nikawaambia ni kwa faida yao. Usingizi haukuja vizuri siku mbili hizo.

Jumatano kulikuwa na foleni ya akina mama na madebe yao. Nikainua kichwa nikamwona yule wa magunia nyuma ya foleni, mikono mitupu, akingoja zamu yake kama mteja. Mama mmoja akamwambia, "Kijana, wewe unasaga nini, vidole?" Akacheka, akasonga mbele.

"Nisamehe," nikamwambia kabla hajafungua mdomo. Ilibidi nipige kelele kwa sababu ya mashine.

"Wewe? Wewe ulichora tu kalenda."

"Nimeharibu."

"Zima hiyo kitu kwanza."

Nikazima. Akina mama wakalalamika, nikawaambia mkanda umepata joto.

"Nimempigia yule wa Longonot," akasema. "Nimemwambia atafute mtu mwingine."

"Umemsamehe?"

"Bado. Nimemwambia hivyo pia, ajue." Alikuwa anachezea unga uliomwagika mezani, akichora na kidole. "Unajua, mimi nilikuwa nangoja tu aseme. Kila siku. Nikimpa mkono nangoja. Tukila nangoja. Mwisho nikachoka kungoja, ndiyo maana ya Longonot. Sasa amesema. Hasira iko, lakini ni hasira ya mtu niliyemjua. Hiyo naweza kupanda nayo."

"Basi mnaenda."

"Tunaenda, lakini nimempa sharti. Siku ya kwanza mwenye mashine ataendesha mwenyewe, na yeye atapanda nyuma na sindano. Siku nzima, asubuhi hadi jioni. Mimi nitakaa kivulini nikinywa chai, nikimwangalia."

"Amekubali?"

"Alikubali kabla sijamaliza kusema."

Nikawasha mashine. Mama wa kwanza akaniuliza kama huyo ni mchumba wangu, nikamwambia ni mtu wa mzinga wa nyuma. Akasema siku hizi vijana wana lugha zao.

Waliondoka wiki iliyofuata na pikapu ya mwenye mashine. Sikuwaona wakiondoka kwa sababu nilikuwa kazini, lakini binamu yangu aliwaona pale sokoni walipopitia kununua karoti. Alisema mmoja alikaa mbele na mwingine juu ya magunia matupu nyuma, na alipowauliza mbona hivyo, dereva alisema yeye ndiye yuko nyuma, anazoea. Binamu yangu akawaongezea karoti sita na matusi machache.

Baada ya siku nne, dereva alinipigia simu saa ya chakula. Upepo ulikuwa unapiga ndani ya simu. Nilimuuliza siku ya nyuma ilikuwaje.

"Nimejidunga vidole vitano," akasema. "Nimeshona suruali yangu pamoja na gunia, nikalivuta likanivuta. Walicheka hadi trekta ikasimama."

"Na mwenzako?"

"Yeye alikunywa chai ya watu wote. Halafu saa tisa akapanda akanionyesha kufunga fundo. Sikuwa nimemwomba. Huku nyuma husikii kitu, wewe. Hata kitu kimoja. Unaona tu ngano ikija, na unaamini kuna mtu."

Nilimuuliza kama amerudi mbele. Akasema ndiyo, tangu juzi, na kwamba hawaongei sana bado, lakini jana yule wa magunia alimtukana kwa kugeuza vibaya kwenye mtaro, tusi refu la kuhusu ukoo wake wote, na alilifurahia hadi mwisho. Kisha akasema anataka kubadilisha kwenye mchezo. Wakirudi, yeye atakaa kwenye mzinga, na usukani apewe mwenzake.

"Mwenyewe anataka?" nikauliza.

"Ndiye amesema nikuambie."

Yule wa magunia hajawahi kuendesha hata wilbaro. Jioni hiyo nilikaa na daftari nikaongeza ukurasa mmoja wa kanuni kuhusu meli kugonga vitu.